Kabla ya Kufika Jalalani

Sehemu kubwa ya taka zinazotokana na kifaa cha nyumbani huzalishwa kabla kifaa chenyewe hakijafika dukani. Fulana moja ya pamba hukadiriwa kutumia takriban lita 2,700 za maji, tangu mbegu inapopandwa hadi kitambaa kinapotiwa rangi na kushonwa. Simu ya mkononi imebeba shaba, bati, dhahabu kidogo na kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa ukanda wa Kolwezi na Likasi, na madini yakishasafishwa huachwa nyuma marundo ya mawe, udongo na maji yenye kemikali. Mnunuzi haoni lolote kati ya hayo. Anachokiona ni kiboksi na karatasi yake ya nailoni, na miaka michache baadaye simu yenye kioo kilichopasuka.

Hesabu ya ukarabati inaanzia hapo. Simu ikitumika miaka sita badala ya mitatu, simu ya pili haikuhitajika, na rundo lake la udongo limebaki ardhini. Ndiyo sababu sera za taka za nchi nyingi hupanga mambo kwa ngazi: kwanza kutonunua kisichohitajika, kisha kutumia tena kilichopo, kukikarabati, kumpa mwingine anayekihitaji, na baada ya hayo yote ndipo huja urejelezaji, yaani kukiyeyusha au kukisaga ili kupata malighafi. Watu wengi huanza na ngazi hii ya chini kwa sababu ndiyo inayotangazwa zaidi. Lakini simu iliyosagwa hurudisha shaba na chembe za dhahabu tu. Kazi yote ya kiwandani imepotea, na umeme mwingine unahitajika kuyeyusha kilichobaki. Plastiki nayo hupungua ubora kila inapoyeyushwa, ndiyo maana chupa ya maji mara nyingi huishia kuwa kamba, beseni au uzi wa zulia badala ya kuwa chupa tena.

Kwa miji ya Afrika Mashariki, ukweli mmoja unapaswa kusemwa mapema. Zaidi ya nusu ya uzito wa taka za miji kama Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni mabaki ya chakula, maganda na majani. Anayetaka lori la taka lipungue uzito haraka angeanza na maganda ya ndizi, ambayo mbuzi huyala na shamba huyapokea, kabla ya kufikiria pasi au redio. Vifaa na plastiki ni sehemu ndogo ya rundo, ila ndiyo sehemu isiyooza na yenye sumu. Dampo la Dandora jijini Nairobi lilifunguliwa mwaka 1975. Maganda ya mwaka huo yamekwisha kuwa udongo, plastiki yake haijawa. Serikali zimejaribu kuikata sehemu hiyo kwa sheria: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania bara Juni 2019. Mfuko unaweza kupigwa marufuku. Feni iliyoungua haiwezi, na hatima yake huamuliwa na mwenye nyumba, fundi na muuza spea.

Kitu kimoja, kazi nyingi

Mfano bora wa matumizi ya tena katika pwani ya Afrika Mashariki ni khanga. Khanga mpya huuzwa kwa doti, vipande viwili vyenye pindo, mji na jina, nayo huanza maisha yake kama vazi la kutokea. Ikianza kuchujuka hushuka daraja na kuwa ya nyumbani, ya jikoni, ya kulalia. Pamba yake inapolainika kwa kufuliwa mara nyingi, na ugumu wa dukani unapokwisha, hunyonya maji vizuri kuliko ilipokuwa mpya, na hapo huwa imeiva kwa kazi nyingine. Khanga kuukuu hupelekwa kwa mzazi aliyejifungua. Huwa mbeleko, huwa shuka la mtoto, hukatwa kuwa nepi. Baada ya hapo huwa kishikio cha sufuria, kisha tambara la kufutia meza, na mwisho dekio. Katika njia yote hiyo hakuna aliyelazimika kusoma kitabu cha mazingira. Kinachofanya mfululizo huo uwezekane ni kwamba khanga ni kitambaa kitupu, hakina mshono wala kifungo, na kinaweza kukatwa popote bila kuharibika. Khanga za polista zinazouzwa kwa bei nafuu haziwezi safari hiyo yote, kwa kuwa hazinyonyi maji. Zikichoka kama vazi, zimechoka kwa jumla.

Vyombo vya plastiki navyo vina maisha ya pili, pengine marefu kuliko ya kwanza. Ndoo ya rangi ya lita 20 ikisha kusuguliwa huwa ya kutekea maji au kuchanganyia sementi; dumu la mafuta ya kula huwa la maji, la maziwa au la togwa; kopo la maziwa ya unga huwa pishi la muuza maharage. Chupa za maji ya kunywa huokotwa, huoshwa na kuuzwa kwa wauza juisi, asali na mafuta ya nazi. Hapa ndipo tahadhari inapohitajika, maana si kila chombo kinafaa kutumiwa tena. Mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya maji yamewadhuru watoto wengi, kwa sababu mtoto hunywa kile ambacho chupa humwambia kimo ndani. Kopo au dumu lililokuwa na kiuatilifu cha shambani halipaswi kuwekewa maji wala chakula hata likisuuzwa namna gani, kwa kuwa plastiki hunyonya sehemu ya dawa na kuitoa polepole. Kanuni ya maofisa kilimo ni kulisuuza mara tatu, maji ya kusuuzia yakirudishwa ndani ya bomba la kupulizia, kisha kulitoboa ili asitokee wa kulitamani.

Mfumo uliopangwa vizuri kuliko yote ulikuwa wa chupa za soda za kioo. Mnunuzi alitoa chupa tupu ndipo akapewa soda, au akaweka rehani ya pesa. Kreti la chupa 24 lilirudi kiwandani, chupa zikaoshwa, zikakaguliwa, zikajazwa tena. Chupa yenye michubuko myeupe mabegani ni chupa iliyokwenda na kurudi mara nyingi. Uzuri wa mpango huo ni kwamba haukutegemea moyo wa mtu wa kupenda mazingira. Chupa ilikuwa na thamani ya pesa, hivyo haikuonekana mtaroni, na ikionekana haikukaa hadi jioni. Kioo kingalipo madukani, lakini plastiki imekula sehemu kubwa ya soko: ni nyepesi kubeba, haivunjiki, na muuzaji haachwi na deni la makreti. Taka iliyotokea ni gharama ambayo kampuni imeacha kuibeba na mtaa umeirithi.

Tairi la gari limeleta viatu. Katambuga, au akala kama vinavyoitwa Kenya, hukatwa soli kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga barabara na mikanda kwenye ubavu au mpira wa ndani, kisha hupigwa misumari. Wafugaji wa Kimaasai huvipenda kwa kuwa miiba ya mgunga haivipenyi. Mafundi wake hutafuta tairi zenye nyuzi za nailoni, maana zile zenye nyuzi za chuma hula visu na huchoma miguu ya mvaaji zikianza kuchomoza. Kipande cha mpira wa ndani hufungia mizigo kwenye baiskeli au hutengenezwa ndoo ya kisimani isiyopasuka hata ikigonga mawe. Makopo ya bati kwa miaka mingi yamegeuzwa koroboi, biashara inayofifia kila taa ya jua inapofika kijijini. Kufifia huko hakuna wa kukulilia: moshi wa koroboi ni mbaya kwa mapafu.

Mafundi

Ukarabati ni kazi ya watu. Jijini Nairobi, Kamukunji ni jina la mahali na pia ni jina la kelele: nyundo juu ya mapipa yanayogeuzwa majiko, masanduku, karai na mabati ya kuchomea mahindi. Kenya huwaita mafundi hawa jua kali, kwa kuwa walianza kazi bila paa juu ya vichwa vyao. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea Kamukunji na kuahidi kuwajengea mabanda, na tangu hapo sekta hiyo ikaingia katika mipango rasmi ya serikali. Dar es Salaam ina Gerezani kwa vyuma na Kariakoo kwa simu na vifaa vya umeme. Tanzania iliunda shirika la viwanda vidogo, SIDO, mwaka 1973, na baadaye VETA, mamlaka ya elimu ya ufundi, ikaanzisha utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili fundi aliyejifunza kwa kukaa na mwenzake apimwe na kupewa cheti.

Hata hivyo mafundi wengi hawako kwenye vituo vyenye majina. Wako chini ya mwembe, kwenye kibaraza cha duka, kwenye kontena lililogeuzwa karakana. Fundi viatu hushona soli na kubadilisha visigino. Fundi cherehani hupunguza suruali ya mtumba kiunoni, hubadili zipu, na akiwa wa zamani anajua kugeuza kola: kuifumua kola iliyolika, kuipindua upande wa ndani uwe nje na kuishona tena, shati likapata mwaka mwingine. Fundi baiskeli huziba pancha kwa kiraka na solusheni. Fundi sufuria hukata kitako kilichotoboka na kukunja kingine. Yupo hata fundi miamvuli, anayeonekana masika yanapoanza na kupotea yanapokwisha.

Vifaa vya umeme huonekana vigumu, lakini matatizo mengi ni madogo. Feni inayozunguka polepole, au inayohitaji kusukumwa kwa mkono ndipo ianze, kwa kawaida imechoka kapasita au imekauka mafuta kwenye bushi zake. Vyote viwili ni kazi ya dakika chache na spea yake ni ya bei ndogo. Feni hiyohiyo ikilazimishwa kuzunguka katika hali hiyo, koili hupata joto na kuungua, na kazi ya dakika chache inakuwa kazi ya siku nzima ya kusuka upya waya za shaba. Televisheni isiyowaka mara nyingi ina kapasita zilizovimba vichwa kwenye ubao wa umeme. Pasi isiyopata moto huwa imekatika waya mahali unapopindika, karibu na mpini. Simu isiyopokea chaji huenda imejaa vumbi tu kwenye tundu lake, na fundi mwaminifu hulitoa kwa sindano bila kubadilisha kitu.

Friji ni jambo jingine. Ndani yake mna gesi inayozunguka, na gesi hizo hutofautiana. Friji za zamani zilitumia gesi zinazotoboa tabaka la ozoni, ambazo dunia ilikubaliana kuziondoa kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Zilizofuata nyingi zilitumia R134a, isiyogusa ozoni lakini inayoongeza joto duniani kwa kiwango kikubwa kuliko hewa ukaa. Friji mpya nyingi zina R600a, ambayo haina madhara hayo mawili, ila inawaka moto. Fundi aliyezoea kuachia gesi hewani na kuwasha moto wa kuchomelea papo hapo anaweza kuponea kwa friji ya zamani. Kwa friji mpya anaweza kulipua chumba. Mteja hahitaji kujua kemia yote hiyo. Anachopaswa ni kumwonyesha fundi kibandiko cha nyuma ya friji, kilichoandikwa aina ya gesi, na kuhakikisha kazi inafanyika mahali penye hewa.

Ufundi wa mitaani una udhaifu wake, na hausaidiwi kwa kusifiwa tu. Spea feki ni nyingi. Dhamana ya kazi ni nadra. Tena iko ile “njoo kesho” ambayo kila mteja anaijua, kesho isiyokuwa na tarehe. Yawezekana kabisa kwamba wengi wanaoamua kununua kifaa kipya hawakimbii bei ya fundi, wanazikimbia ahadi zake. Mteja naye ana wajibu: kueleza tatizo kama lilivyoanza, kukubaliana bei kabla kifaa hakijafunguliwa, na kudai spea ya zamani irudishwe mkononi. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba matengenezo yakifika nusu ya bei ya kipya, ni wakati wa kufikiri upya. Kanuni hiyo inafaa kwa birika la umeme. Kwa cherehani ya chuma iliyoshona miaka 40 haifai, kwa kuwa kipya cha bei hiyo hakitafika nusu ya umri huo.

Kwa nini kazi inazidi kuwa ngumu

Ukarabati umeendelea Afrika Mashariki kwa sababu ya uwiano wa bei: saa moja ya fundi ni rahisi, kifaa ni ghali. Ulaya uwiano huo uligeuka zamani. Ada ya fundi wa mashine ya kufulia huko inaweza kukaribia bei ya mashine, kwa hiyo mashine hutupwa nzima. Katika mazingira hayo mwandishi wa habari wa Uholanzi, Martine Postma, aliandaa mkutano wa kwanza wa Repair Café mjini Amsterdam tarehe 18 Oktoba 2009: wakazi walileta vifaa vibovu, waliojitolea wakavitengeneza bila malipo huku wenyewe wakitazama na kujifunza. Mikutano ya aina hiyo sasa imeenea nchi nyingi. Kinachofanywa bure na wastaafu huko ni riziki ya vijana Kariakoo, na tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu kazi inayolisha familia ina watu wa kuilinda.

Uwiano huo sasa unageuka Afrika Mashariki pia, tena kwa njia mbili. Bidhaa za bei ya chini zinaingia kwa wingi, na ndani ya bidhaa hizo skrubu zimeondolewa na gundi imewekwa. Baadhi ya redio za zamani zilibandikwa mchoro wa saketi ndani ya makasha yake, kana kwamba kiwanda kilimwandikia fundi barua. Redio ndogo ya leo imezibwa pande zote. Ikifunguliwa, kasha linavunjika. Betri ya simu, ambayo kwa kawaida huanza kupoteza nguvu kwa kuonekana baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, hapo awali ilitolewa kwa ukucha. Sasa imegandishwa nyuma ya kioo, na kuitoa kunahitaji joto, vifaa na ujasiri. Simu nyingine hukataa kioo au betri ambayo programu ya kiwanda haikuitambua, hata kama spea ni halisi na imetoka kwenye simu ya aina ileile iliyokufa bodi.

Nchi za Ulaya zimeanza kulijibu hilo kwa sheria. Ufaransa ilianza Januari 2021 kulazimisha simu, kompyuta za mapajani, televisheni na mashine za kufulia ziuzwe zikiwa na alama kati ya 0 na 10, inayoonyesha wepesi wa kukarabatiwa. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Juni 2025 zinawataka watengenezaji wa simu kuhakikisha spea muhimu zinapatikana kwa miaka saba baada ya simu kuacha kuuzwa, na kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vingi vidogo lazima ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Sheria hizo zinahusu soko la Ulaya, lakini kiwanda hakipendi kutengeneza simu za namna mbili. Zikifanya kazi, fundi wa Luthuli Avenue jijini Nairobi atazihisi kwenye bisibisi yake kabla hajazisikia redioni. Nchi za Afrika Mashariki, ambazo zina mafundi wengi, zingekuwa na sababu kubwa zaidi ya kutunga zao.

Mitumba, kutoa na kuazima

Moja ya biashara kubwa za vitu vilivyotumika ni mitumba, nayo huanza na zawadi. Mtu wa Uingereza, Ujerumani au Marekani huipa taasisi ya hisani nguo asizozitaka. Taasisi huuza chache dukani kwake na nyingine huziuza kwa kilo kwa wafanyabiashara, wanaozichambua, kuzifunga kwenye marobota na kuzisafirisha. Robota likifunguliwa alfajiri katika soko la Gikomba, Nairobi, nguo bora kabisa, zinazoitwa kamera, huondoka kwa dakika chache na wauza maduka. Zinazofuata hushuka bei kadiri jua linavyopanda, na mwisho hubaki fagia, rundo la kugombaniwa kwa bei ya kutupa. Karume, Dar es Salaam, na Owino, Kampala, hufuata mtindo huohuo kwa majina yao.

Mitumba imevisha mamilioni kwa bei wanayoiweza na kuwapa kazi wabebaji, wafuaji, wapiga pasi na mafundi cherehani. Vilevile imelaumiwa kwa kuua viwanda vya nguo, ingawa kufunguliwa kwa masoko na uchakavu wa mitambo vilikuwa na mkono wao. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa kwa awamu. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya mpango wa AGOA, na nchi moja baada ya nyingine ikarudi nyuma isipokuwa Rwanda, ambayo ilikwisha kupandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 nafuu yake kwa nguo ikasimamishwa. Mjadala huo wa viwanda umefunika swali jingine, la taka. Robota huuzwa bila kufunguliwa, hivyo nguo zilizochanika, zenye madoa au zisizofaa hali ya hewa huwa hasara ya mchuuzi wa hapa na mzigo wa dampo la hapa. Nguo inayochakaa upesi Ulaya kwa sababu ilishonwa vibaya haipati nguvu mpya kwa kuvuka bahari.

Hilo linafundisha jambo kuhusu kutoa kwa ujumla. Kugawa kunapunguza taka pale tu mpokeaji anapokihitaji kitu na kitu kingali kizima. Nguo za mtoto ndizo zinazofaa kuliko zote, maana mtoto huziacha kwa kukua kabla hazijachakaa, na katika familia nyingi begi moja huzunguka kwa shangazi, mama mdogo na jirani hadi lirudi kwa mtoto wa mwisho wa nyumba lilikoanzia. Vitabu vya shule, sare, magodoro na matranka ya wanafunzi wa bweni hufuata. Kinachotolewa hufuliwa kwanza, kifungo kilichokatika hushonwa, na kifaa cha umeme huwashwa mbele ya anayekipokea. Kinyume chake ni kumpelekea jamaa wa kijijini televisheni isiyowaka kwa matumaini kwamba atampata fundi. Huko kijijini hakuna spea wala gari la taka, na televisheni hiyo itaishia nyuma ya nyumba.

Kuazima hupunguza manunuzi hata zaidi ya kutoa, ingawa hakutajwi sana. Kitongoji hakihitaji sufuria 50 za kupikia pilau la watu mia tatu. Kinahitaji chache zinazozunguka. Vikundi vingi vya akina mama humiliki kwa pamoja sufuria, sahani, mikeka na majamvi ya shughuli, vikiwa na mtunza vyombo anayehesabu kila kitu kinapotoka na kinaporudi, pamoja na faini kwa kilichovunjika. Katika misikiti ya pwani jeneza lenyewe ni la kuazima: maiti hubebwa nalo hadi kaburini, huzikwa kwa sanda, na jeneza hurudi msikitini kumsubiri mwingine. Vyombo vilivyowekwa wakfu vimefanya kazi kwa namna hiyo kwa vizazi, kwa kuwa kuna mtu anayejulikana wa kuviulizia.

Vitu visivyorudi

Kwa kila kifaa hufika siku ambayo hakitengenezeki. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki mwaka 2022, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa, na chini ya robo yake ilithibitishwa kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Afrika huzalisha kidogo, takriban kilo 2.5 kwa mtu kwa mwaka dhidi ya zaidi ya 17 kwa mtu wa Ulaya, lakini sehemu inayofika kwenye mitambo rasmi haifiki asilimia moja. Iliyobaki hushughulikiwa na wanunuzi wa vyuma chakavu na waokota taka. Kazi yao huokoa chuma, shaba na alumini nyingi ambazo zingezikwa. Hatari iko kwenye njia za mkato: kuchoma nyaya ili shaba ibaki, jambo linalotoa moshi wenye sumu, au kupasua betri za gari na kumwaga tindikali yake ardhini.

Mombasa ina funzo lake kuhusu betri. Katika mtaa wa Owino Uhuru kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri kuukuu. Moshi na maji yake viliingia majumbani, na watoto wakapimwa na kukutwa na risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na ambaye mwanawe pia aliathirika, aliongoza wakazi kupinga. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, yeye akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ikaendelea katika mahakama za juu kwa miaka kadhaa. Urejelezaji unaofanywa katikati ya makazi, bila vichujio, unaweza kudhuru kuliko dampo.

Kwa hiyo vitu vichache vinastahili uangalizi wa pekee nyumbani. Betri ya gari au ya sola hurudishwa dukani wakati wa kununua nyingine, na maduka mengi huipunguzia mteja bei. Taa ndefu za mirija na zile za kuokoa umeme za aina ya zamani zina zebaki kidogo. Hazivunjwi wala kuachwa watoto wakazichezee. Betri ya simu iliyovimba haitobolewi, haichajiwi na haitupwi kwenye taka zinazochomwa. Huwekwa ndani ya kopo lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, hadi ipelekwe kwa fundi simu anayekusanya za kupeleka kwa warejelezaji.